Intaneti ya Mbps 10: nunua waya mzuri kabla ya ruta kubwa

Mama yangu anakaa Mji wa Kale, Mombasa, nyumba ya orofa ya mawe ya matumbawe, kuta nene mpaka dirishani mtu anakaa akapandisha miguu. Kifurushi chake ni Mbps 10. Kaka yangu alimletea ruta ya antena sita, ikawekwa chini sebuleni, na bado mama alishuka ngazi kila akitaka kuwaona wajukuu kwa video. "Mwanangu, antena zote hizi na goti langu hili?" Kufunga mitandao majumbani ndiyo kazi yangu, na iliniuma. Nilirudisha ile ruta dukani, nikachukua mita 30 za waya na ruta ndogo ya bei nafuu ya kuweka orofa ya juu. Siku hizi anaongea nao akiwa kitandani.

Kabla ya kutoa pesa, piga hesabu. Mbps ni megabiti kwa sekunde, na baiti moja ni biti 8, kwa hivyo Mbps 10 inashusha faili la megabaiti 100 kwa sekunde 80 hivi, mambo yakienda vizuri. Filamu ya HD inakula Mbps 5 hivi. Wawili wakitazama pamoja, kifurushi kimejaa, na hakuna ruta itakayokiongeza. Ile AC1200 iliyoandikwa kwenye boksi la ruta ni Mbps 300 za masafa ya waifai ya 2.4 GHz na 867 za 5 GHz, zikajumlishwa na kukadiriwa kuwa 1200, tena ni namba za maabara. Kwa kifurushi kama cha mama, ruta yenye matundu ya Mbps 100 inatosha kabisa. Chukua ya gigabiti ikiwa unahamisha mafaili makubwa kati ya kompyuta zako humo humo nyumbani.

Ukuta ndio adui. 5 GHz ina kasi lakini ukuta mnene unaimaliza, 2.4 GHz hupenya zaidi, ila majirani wote wako humo. Kwenye vichochoro vyetu nyumba zimebanana, basi ingia kwenye mipangilio ya ruta uchague mwenyewe chaneli, yaani njia ya mawimbi, ya 2.4 GHz: 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache, na upana wa chaneli uwe 20 MHz.

Watu hukimbilia kile kifaa cha kuchomeka ukutani cha kurudia mawimbi. Wanakiweka chumba kile kile ambamo waifai haifiki, nacho kinarudia udhaifu ule ule. Vingi pia hupokea na kutuma kwa redio moja, kwa zamu, na kasi hupungua karibu nusu. Kama huna njia ya waya, kiweke katikati, mahali simu bado inashika vizuri.

Waya sasa. Waya wa mtandao wa aina ya Cat5e unabeba Mbps 1000 hadi mita 100, huhitaji zaidi. Hakikisha tu ni shaba tupu. Niliwahi kununua roli la mita 305 lililoandikwa shaba, na nyumba ya tatu nyuzi zikaanza kukatikia ndani ya plagi: alumini iliyopakwa shaba. Tangu hapo nakwaruza uzi mmoja kwa kisu papo hapo kaunta. Shaba inabaki nyekundu hadi ndani. Alumini inatoa weupe. Kwetu pwani, na hewa ya chumvi, usikubali. Waya utakaopita nje uwe wa ganda jeusi la kuhimili jua.

Kwa mama niliupitisha kando ya boriti, nikapandia tundu la zamani la waya wa televisheni, maana matumbawe ukiyatoboa kwa pupa yanamomonyoka. Uwe mbali na nyaya za stima. Plagi nazibana ncha zote mbili kwa mpangilio mmoja: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Ruta ya juu isigombane na kisanduku cha kampuni ya intaneti kilicho chini. Kama anwani ya kisanduku ni 192.168.1.1, ipe ruta 192.168.1.2, zima DHCP yake, yaani kazi ya kugawa anwani, kisha chomeka waya kwenye tundu lake la LAN, la vifaa vya nyumbani, siyo WAN, la kuingizia intaneti. Jina na nywila viwe sawa na vya chini, simu ihame yenyewe mtu akipanda ngazi. Televisheni ikiwa karibu na kisanduku, iunge kwa waya, iwaachie wengine hewa.

Ukinunua betri ndogo ya kushikilia stima ikikatika, soma volti nyuma ya kila kifaa, 12 au 9, na ukumbuke kisanduku cha fiba nacho kinahitaji yake.

Ukimaliza, funga mlango wa chumba cha mbali kabisa, keti pale mtu anapokaa kila siku, upime kasi na simu iko mkononi. Kitandani kwa mama nilipata 9.4, mlango umefungwa na pazia limeshushwa.