Kumpaka rangi punda wa mbao hadi afanane na punda wa Lamu

Vinyago vingi vya punda vinavyouzwa hapa mjini vina kijivu kimoja, kuanzia masikio hadi kwato. Tazama punda wa kweli: ni nadra kumpata mwenye rangi moja. Hapa naeleza ninavyompaka punda wa mwembe mwenye urefu wa shibiri, kwa akriliki.

Kwanza tafuta wa kumfuata. Ufuoni wanapopakiwa mchanga hawatulii. Jaribu karibu na kituo cha Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, kilichopo Lamu tangu 1987, wapo wanaosimama kivulini. Mpige picha mbele, nyuma na ubavuni, kisha mfuate huyo huyo mmoja.

1. Msasa na praima. Namba 240, halafu 400. Futa vumbi, upake praima nyeupe (rangi ya kutangulia, inayoshika mbao) mara mbili, nyembamba. Ikiwa nzito, michongo ya macho na pua inajaa. Wakati wa masika ngoja hadi kesho yake.

2. Rangi ya msingi. Kijivu cha mkebeni kiache dukani. Changanya kahawia iliyokolea na buluu kidogo, kisha nyeupe. Buluu ikizidi utapata rangi ya bati. Akriliki hukolea ikikauka, kwa hiyo ifanye iwe nyepesi kidogo kuliko unavyotaka.

3. Sehemu nyeupe. Tumbo, ndani ya mapaja, kuzunguka macho, na mdomo. Tumia nyeupe iliyotiwa tone la kahawia, udonoedonoe kwa sponji rangi ya chini ikiwa bado mbichi, ili pasionekane mpaka. Kwenye tundu za pua rudisha weusi.

4. Msalaba. Hapa usiwe na haraka. Mstari mmoja unatoka kwenye singa za shingo hadi mkiani, mwingine unakata mabegani na kushuka pande zote mbili. Chukua brashi namba 0 na kahawia nzito (nyeusi tupu inaonekana kama utepe uliobandikwa), uchore unywele mmoja mmoja, kila mchoro ukifuata manyoya yanakolala. Kingo ziache zimechanikachanika. Baadhi yao wana mistari hafifu miguuni pia.

Ndani ya miguu ya mbele weka sugu: doa jeusi, butu, lisilo na manyoya. Miguu ya nyuma usiweke, maana sugu za nyuma kwa kawaida ni za farasi.

5. Alama za kazi. Shogi (mfuko wa mizigo wa mgongoni) likisugua na kidonda kikapona, mara nyingi manyoya huota meupe. Vidoa viwili vitatu mgongoni vinatosha. Wateja wengine wanataka punda msafi. Wapakie rangi hivyo wakitaka, ila mimi huyo simwiti punda wa Lamu. Kidonda kibichi sichori, si pambo.

6. Kwato. Kijivu cha kahawia, na vijistari vyembamba vya kuzunguka. Kisha chovya brashi kavu kwenye rangi ya mchanga, ifute kwenye kitambaa hadi ibaki kidogo sana, upitishe miguuni kutoka chini.

7. Jicho na vanishi. Jicho liwe kahawia karibu na weusi, mboni ikilala mlalo. Nukta moja tu ya nyeupe, juu. Mwili mzima upake vanishi isiyong'aa. Ikikauka, ndipo utone ile ya kung'aa kwenye macho. Ukianza na ya kung'aa, nyingine itapita juu yake, na punda wako atakuwa na mtoto wa jicho.