Betri ya laptopu haionekani kabisa: iulize BIOS kwanza

Mwongozo huu ni wa mashine yenye X nyekundu kwenye alama ya betri, inayozimika papo hapo ukichomoa chaja. Kama betri inaonekana ila haipokei chaji, hilo ni tatizo jingine. Kwa hilo, anza na chaja.

1. Iulize BIOS

Washa mashine huku ukibonyezabonyeza F2 (Dell, Acer, Asus), F10 (HP) au F1 (ThinkPad), uingie BIOS (programu ya msingi ya mashine, inayoanza kabla ya Windows), utafute taarifa za betri. Ikionekana humo, fanya hatua ya 2. Isipoonekana, achana na draiva (programu inayoiunganisha Windows na kifaa), ruka hadi hatua ya 3, wala usihangaike kuweka Windows upya. Anayezungumza na betri ni kidhibiti kidogo kilicho kwenye bodi. Kisipojibiwa, Windows haina cha kuonyesha.

2. Draiva

Ndani ya Windows fungua Device Manager, kisha Batteries, futa "Microsoft ACPI-Compliant Control Method Battery", washa upya. Itarudi yenyewe. Programu za kupakua zinazodai kutengeneza betri usiziguse.

3. Maliza umeme uliobaki

Chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30, chomeka, jaribu.

4. Plagi ya betri

Hapa usiwe na haraka. Zima mashine kabisa, usiilaze (sleep) tu, chomoa chaja, fungua mfuniko wa chini. Betri ikiwa imevimba, hata kidogo, ishia hapo: usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji tena.

Kabla ya kuchomoa plagi, chunguza inatokaje. Kuna za kuvutwa kwa ubapa, za kunyanyuliwa juu, na zenye kishikizo cha waya kinachofunguliwa kwanza. Ukiinyanyua ya ubapa unaweza kung'oa soketi nzima kwenye bodi, na kuirudisha ni kazi ya kulehemu. Tumia kipande cha plastiki, kamwe si bisibisi: chuma kikigusa pini mbili ni shoti. Nyaya usizivute.

Mulika tochi ndani, utafute pini iliyopinda, vumbi au kutu ya kijani. Nyaya za mawasiliano zipo pamoja na zile za umeme, na moja isipogusa vizuri, betri iliyojaa huhesabiwa kuwa haipo. Rafiki niliyemsaidia alishataka kununua betri mpya. Plagi yake ilikuwa imekaa upande mmoja tu. Wa pili ulikuwa umeinuka kama unene wa kucha. Nikaibonyeza kwa vidole gumba, asilimia zikarudi.

Pini chafu zisafishe kwa alkoholi ya isopropili ya 90% au zaidi, ziache zikauke kabisa.

Ukiwa na multimita (kifaa cha kupimia umeme), pima volti za betri, lakini 0 usiichukulie kuwa hukumu. Betri nyingi hazitoi umeme mpaka pini maalumu izijulishe kwamba zimo ndani ya mashine. Ukipata volti zinazokaribia zilizoandikwa kwenye lebo, seli zina umeme, shuku mawasiliano.

5. Jaribu betri nyingine

Azima yenye namba ileile ya modeli. Ikionekana, yako ndiyo mbovu: saketi ya ulinzi iliyo ndani hujifunga seli zikishuka mno, mathalani mashine ikikaa miezi bila kuchajiwa. Usiifungue ukajaribu kuiamsha kwa umeme wa nje. Seli za lithiamu zilizoshuka kiasi hicho zinaweza kupata shoti ya ndani na kuwaka. Nunua nyingine.

Isipoonekana hata hiyo ya kuazima, kosa liko kwenye bodi. Mpelekee fundi, na umweleze kwamba BIOS haikuiona betri yoyote kati ya hizo mbili, ili aanzie kwenye soketi na kidhibiti.