Picha ya pwani wakati wa machweo: una dakika 25 tu

Miongozo mingi ya upigaji picha hukuahidi saa nzima ya mwanga wa dhahabu kabla ya jua kuchwa. Pwani ya Afrika Mashariki saa hiyo haipo. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, kwa hiyo kutoka nyuzi 6 juu ya upeo hadi kuzama ni dakika 25 hivi. London mwezi Juni mteremko huohuo huchukua karibu mara mbili. Basi fika mapema, na lolote linaloweza kuamuliwa kabla, liamue kabla.

La kwanza ni upande. Kendwa na Forodhani, Unguja, hutazama magharibi, na jua utaliona likizama baharini. Paje na Jambiani za Unguja, na Diani na Malindi za Kenya, hutazama mashariki, jua huzama nyuma ya minazi. Wengi huko hugeuka kulifuata jua wakaishia na miti myeusi. Usigeuke. Mwanga unaotoka mgongoni kwako ndio unaoangaza matanga na mchanga, na jua likishazama utaona ukanda wa waridi juu ya bahari upande wa mashariki. Jioni moja kabla ya mwezi mpevu ni bora zaidi: mwezi huchomoza baharini kabla ya jua kuchwa, nchi ikiwa bado na mwanga, hivyo unapata mwezi na ufuo katika picha moja.

La pili ni maji. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, Unguja na Mombasa, bahari kwa kawaida hujaa mnamo saa 10 jioni, na tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Maana yake saa 12:30 maji yanatoka kwa kasi: mchanga umelowa na unang'aa kama kioo, mzuri kwa kuakisi anga, ila ngalawa uliyoipanga ikielea inaweza kukaa mchangani ukiwa bado unafunga lenzi. Ukitaka mwamba na vidimbwi vitupu jioni, nenda siku mbili tatu baada ya mwezi nusu, kupwa kunapoangukia karibu na machweo. Siku hizo kaa macho, maji yanaporudi hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako. Hakikisha kwenye jedwali la maji la siku yenyewe, na vaa viatu.

Tripodi, kile kisimamio cha miguu mitatu, ifungue kuanzia kipande cha chini kabisa, ili viungo vya juu vibaki nje ya maji ya chumvi. Miguu ikandamize mchangani mpaka igome. Wimbi likipita huchimba mchanga kuizunguka, kamera ikazama milimita chache, na picha iliyopigwa shata ikiwa wazi nusu sekunde inatoka na ukungu usioelewa umetoka wapi. Subiri wimbi liondoke ndipo ufyatue.

Kwa mpangilio, anza na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100 na tundu la lenzi la f/11. Kwa kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35) na lenzi ya milimita 24, fokasi umbali wa mita 2, kisha zima fokasi ya otomatiki: kuanzia mita 1 hivi hadi upeo wa macho kutakuwa wazi, na giza likiingia kamera haitahangaika. Mizani ya rangi nyeupe (white balance) iweke kwenye alama ya jua. Ukiiacha otomatiki, kamera huiona rangi ya machungwa kama kasoro na kuifuta. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata.

Kosa linaloharibu machweo mengi ni rangi nyekundu kufurika, yaani kupita kiwango ambacho kamera inaweza kurekodi. Grafu ya jumla ya mwanga (histogramu) inaonyesha usalama, kumbe chaneli nyekundu imeshagonga ukuta, na anga karibu na jua linabaki doa la njano lisilo na umbile. Fungua grafu ya rangi tatu, punguza mwanga hatua moja au mbili (kila hatua ni nusu ya mwanga) mpaka nyekundu irudi ndani. Kwenye simu, gusa na ushikilie anga pembeni mwa jua hadi kipimo kifungwe, kisha telezesha chini. Na usilitazame jua kwa kitazamio cha kioo cha kamera: lenzi hulikusanya jua moja kwa moja kwenye jicho.

Kwa mawimbi yanayorudi, nusu sekunde hutoa michirizi mizuri ya povu. Filta nyeusi ya hatua 6 hugeuza 1/30 ya sekunde kuwa sekunde 2, bahari ikalainika. Lakini chombo kilichotia nanga hakitulii, mlingoti wake huyumba. Palipo na mashua, panda hadi 1/125 hata kama ISO itafika 800. Mashua iliyotweka tanga inataka 1/250. Wavuvi na wakulima wa mwani waombe ruhusa kabla hujainua kamera, wako kazini.

Jua likizama, baki. Rangi nzito mara nyingi huja dakika 10 hadi 15 baadaye, mawingu ya juu yakiangazwa kutoka chini. Mwanga hudondoka haraka, kwa hiyo pima upya kila dakika mbili.

Upepo wa kusi ukivuma, futa lenzi kila baada ya picha chache: pulizia kwanza kuondoa mchanga, kisha kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi. Chembe za chumvi zikielekea jua huwa madoa meupe. Tripodi ioshe usiku uleule, kabla chumvi haijakauka kwenye viungo.