Digrii ukiwa Ghuba: uliza habari ya mtihani kwanza

Vijana wetu wa Mombasa mnaokwenda Doha au Dubai kutafuta riziki, msikubali masomo yasimame. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichoanzishwa 2023, hufundisha kwa mtandao, na vingine vina masomo ya masafa. Ila kabla hujalipa karo, uliza: mtihani unafanyiwa wapi? Kuna vyuo vitakavyokutaka uje ukae chumba cha mtihani huku nyumbani, na mwajiri hakupi likizo kila muhula. Jibu lipate kwa maandishi. Saa nazo: Doha ni sawa na zetu, Dubai wametutangulia kwa saa moja. Darasa la saa tatu usiku Mombasa, kwako wa Dubai ni saa nne, na pengine una zamu ya alfajiri.