DNA au RNA, vipande vifupi au virefu: anza na swali, mashine baadaye

Kabla ya kuulizia bei ya kusoma mpangilio wa herufi za DNA au RNA kwa mashine (sequencing), andika swali lako kwa sentensi moja. Mashine husoma vipande, vifupi au virefu, si uzi mzima. DNA hueleza mtu alichorithi. RNA hueleza jeni zipi zinafanya kazi kwa wakati huo, katika tishu ile ile uliyoichukua. Ukitafuta badiliko la kurithi kwenye jeni isiyofanya kazi katika damu, RNA ya damu haitakusaidia.

Chukua selimundu. Chanzo chake ni herufi moja ya jeni ya HBB, A iliyogeuka T. Kwa hilo PCR, mbinu ya kunakili kipande kimoja tu cha DNA, inatosha. Kusoma jenomu nzima, yaani DNA yote, ni kutupa fedha. Ila pwani ya Kenya na Tanzania wengi wenye selimundu hubeba pia alfa-thalasemia, tatizo jingine la kurithi la damu, na hapo mambo hubadilika. Aina yake iliyoenea hufuta herufi kama 3,700 na kuacha jeni moja iliyoungwa kutokana na jeni mbili jirani, HBA1 na HBA2. Jeni hizo zinafanana mno, kwa hiyo kipande cha herufi 150 cha Illumina, mashine ya vipande vifupi, hukaa sawasawa kwenye yoyote kati ya hizo, na programu ya kupanga vipande mahali pake hukipa alama sifuri ya uhakika. PacBio na Oxford Nanopore, mashine za vipande virefu, huvuka eneo lote kwa kipande kimoja. PacBio kwa mbinu yake ya HiFi husoma herufi 15,000 hadi 20,000 kwa usahihi unaokaribia Illumina. Nanopore hujikwaa pale herufi moja inapojirudia mfululizo, lakini MinION, mashine yake ndogo, hushikika mkononi na hutoa data ikiwa bado inasoma.

Jenomu ya binadamu kwa kina cha mara 30, yaani kila herufi kusomwa wastani wa mara 30, ni herufi bilioni 93 hivi. Agiza zaidi, kwani nakala zinazojirudia zitatupwa.

Kazi nyingi huharibikia kwenye sampuli. Damu ya DNA iwekwe kwenye tyubu ya EDTA yenye kifuniko cha zambarau. Heparini, ile ya kijani, huzuia kimeng'enya cha PCR. Kwa vipande virefu usitumie voteksi (mashine ya kutikisa tyubu) wala usigandishe na kuyeyusha mara kwa mara, maana DNA hukatika. Pima kiasi kwa Qubit, kifaa kinachohesabu DNA pekee: NanoDrop, kifaa kinachopima kwa mwanga, huhesabu hata RNA iliyobaki, ukadhani una mikrogramu moja kumbe huna hata nusu. NanoDrop itumie kupima usafi: uwiano wa mwanga unaofyonzwa, 260/280, uwe karibu 1.8 kwa DNA na 2.0 kwa RNA. 260/230 ikishuka sana, kuna chumvi au fenoli, safisha upya. Unapojaza floseli ya Nanopore, kisahani chenye vitundu vinavyosoma DNA, kiputo kimoja cha hewa kikipita juu ya vitundu huviua, na havifufuki.

RNA haingoji. Iweke kwenye dawa ya kuihifadhi papo hapo, kisha hakiki RIN, alama ya 1 hadi 10 ya uzima wa RNA: 7 au zaidi. Zaidi ya asilimia 80 ya RNA ya seli ni ya ribosomu, mitambo ya seli ya kutengeneza protini, si ya jeni unazozitafuta; lazima uiondoe. Kuchagua RNA za jeni kwa mkia wao wa herufi A ni rahisi, lakini RNA ikiwa imekatika utapata miisho ya jeni tu. Hapo ondoa RNA ya ribosomu moja kwa moja. Kwa damu, ondoa na RNA ya globini (protini ya himoglobini), la sivyo itakula usomaji wako.

Kulinganisha utendaji wa jeni kwa RNA kunahitaji vipande milioni 20 hadi 30 kwa sampuli, na watu wasiopungua watatu kila kundi. Fedha ikibaki, ongeza watu badala ya kina. Wagonjwa na wazima wachanganywe katika kila awamu ya maabara, yaani kila fungu la sampuli zinazoandaliwa pamoja. Ukiwatenga, tofauti ya awamu itaonekana kama tofauti ya ugonjwa, na hakuna programu ya kuzitenganisha.