Barua Pepe kwa Biashara Ndogo ya Moshi: Namna ya Kumfikia Mteja Aliyekwisha Kuondoka

Mgeni hupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, hushuka akiwa hoi, hupita dukani kwako Moshi mjini kununua pakiti mbili za kahawa, na kesho yake huruka kutoka KIA. Kwa biashara nyingi za hapa kwetu, habari za mteja huyo huishia hapo. Hakuna aliyemuudhi, ila hakuna pia aliyebaki na njia ya kumfikia siku kahawa itakapomwishia. Mwongozo huu unahusu njia hiyo, nayo ni barua pepe, na unamlenga mwenye duka, nyumba ya wageni au kampuni changa ya utalii asiye na ofisa masoko wala fedha za kumwajiri.

Kabla ya yote, jiulize wateja wako wanasoma nini. Mwenye saluni wa Majengo ambaye wateja wake ni majirani hapotezi kitu akiiacha barua pepe kabisa, kwa kuwa ujumbe wa WhatsApp au wa simu utawafikia mapema zaidi na watamjibu papo hapo. Barua pepe hulipa pale mteja anapoishi mbali, anapopanga manunuzi yake miezi kadhaa kabla, au anapokuwa hoteli au ofisi isiyotoa fedha bila maandishi. Katika maelezo yanayofuata nitatumia mfano wa mkaanga kahawa mdogo, maana ana wateja wa aina zote tatu: watalii waliorudi makwao, hoteli za Arusha, na Watanzania wa Dar es Salaam wanaotumiwa mzigo kwa basi.

Kazi inaanza na orodha, na hapo ndipo nashauri utumie muda wako mwingi kuliko mahali pengine popote. Weka daftari kaunta, lenye nafasi ya jina, anwani ya barua pepe, mji au nchi, na mstari unaosema wazi kwamba anayeandika anakubali kupokea habari za kahawa yako, na kwamba anaweza kujiondoa wakati wowote. Mteja akishaandika, msomee anwani yake kwa sauti, herufi kwa herufi, kwa sababu mwandiko wa mtu aliyetoka mlimani jana si wa kuaminika, na herufi moja iliyokosewa inatosha kumpoteza. Muulize pia alinunua nini, uandike pembeni. Neno hilo moja litakusaidia baadaye kutomtumia mnunuzi wa rejareja bei za magunia, au mtu wa hoteli hadithi za maporomoko ya Materuni.

Usinunue orodha ya anwani kwa mtu yeyote, wala usikusanye anwani kutoka kwenye tovuti za watu. Mbali na kwamba wasiokujua hawatanunua, lipo suala la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inampa mwenye taarifa haki ya kukataa zisitumike kumtangazia biashara. Kanuni za Umoja wa Ulaya kuhusu taarifa binafsi (GDPR), zilizoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, zinaweza kumgusa hata mfanyabiashara aliye nje ya Ulaya, endapo anawauzia kwa makusudi watu walioko huko. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 inataka kila barua ya biashara ioneshe anwani ya posta ya mtumaji na njia ya kujiondoa, na anayeomba kuondolewa aondolewe ndani ya siku 10 za kazi. Kwa hiyo chini ya kila barua andika jina la biashara, mtaa, S.L.P. yako, na kiungo cha kujiondoa, hata kama unaowaandikia wote wako Tanzania.

Kuhusu chombo cha kutumia, wengi huanza na Gmail ya kawaida, ambayo hairuhusu zaidi ya barua 500 kwa siku. Kwa watu ishirini inatosha. Barua yangu ya kwanza ya aina hii, niliyomwandikia ndugu anayekaanga kahawa, niliituma kwa kupanga anwani zote kwenye sehemu ya mpokeaji badala ya sehemu ya nakala fiche iliyoandikwa Bcc. Watu mia moja na arobaini wakaoneshwa anwani za wenzao, na mmoja wao akawajibu wote kulalamika. Tangu hapo nimeshauri kila mtu atumie programu maalumu kama Brevo au Mailchimp, ambazo humwandikia kila mteja peke yake, huweka kiungo cha kujiondoa zenyewe, na zina huduma ya bure yenye mipaka inayotosha kuanzia.

Lipa pia jina la kikoa chako mwenyewe, yaani jina la mtandaoni linalofuata alama ya @ kwenye anwani, kwa mfano linaloishia na .co.tz, uwe na anwani ya biashara badala ya anwani ya mtu binafsi. Kikoa hicho kitahitaji mipangilio mitatu ya kuthibitisha kwamba barua ni yako kweli, ambayo fundi wa tovuti ataiweka kwa muda mfupi. SPF ni sawa na majina yaliyoachwa getini ya watu unaowaruhusu kubeba mizigo yako, DKIM ni lakiri inayothibitisha kwamba mzigo haukufunguliwa njiani, na DMARC ni maagizo kwa mlinzi kuhusu mzigo usiotimiza masharti. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai yote matatu kwa wanaotuma barua kwa wingi, na Google huhesabu wingi huo kuanzia barua 5,000 kwa siku. Hutafika huko karibuni, lakini barua isiyo na vitambulisho hivyo hutupwa kwa urahisi kwenye barua taka. Google pia wanataka malalamiko ya wapokeaji yasifike asilimia 0.3, yaani watu watatu tu katika elfu moja, na hiyo ni sababu nyingine ya kuogopa orodha za kununua.

Barua yenyewe iwe fupi na ibebe jambo moja. Kichwa cha barua kiseme kilichomo, bila herufi kubwa tupu na bila alama nyingi za mshangao. Jina la mtumaji liwe lile mteja analolikumbuka, yaani lililoandikwa kwenye pakiti, hata kama cheti cha BRELA kina jina jingine refu zaidi. Kwa mteja wa Dar es Salaam, barua inaweza kuwa hivi, sentensi ya kwanza ikiwa ndiyo kichwa:

"Kahawa ya msimu mpya imeanza kukaangwa. Habari za kazi, dada Neema. Mavuno ya mwaka huu yameanza, na wiki hii tumekaanga mzigo wa kwanza kutoka mashamba ya Uru. Ile pakiti ya nusu kilo uliyochukua mara ya mwisho ipo, kwa bei ileile. Ukijibu barua hii kabla ya Alhamisi jioni kwa kuandika neno URU na idadi unayotaka, mzigo utaondoka na basi la Ijumaa asubuhi. Karibu sana."

Angalia kwamba barua hiyo ina sababu ya kuandikwa leo, inamkumbusha mteja alichowahi kununua, na inamwomba tendo moja tu. Salamu isikosekane, barua inayoanza na bei huonekana kama tangazo la ukutani. Kwa wageni andika kwa lugha yao, na kama huimudu vizuri, mpe mtu aipitie. Picha moja iliyopunguzwa ukubwa inatosha.

Idadi ya barua ifuate msimu. Kahawa ya Kilimanjaro huvunwa takribani kuanzia Julai hadi mwisho wa mwaka, hivyo mkaangaji ana la kusema kila mwezi katika kipindi hicho. Mwenye kampuni ya utalii anayesubiri Juni ndipo awaandikie watu kuhusu kupanda mlima atakuwa amechelewa, kwa kuwa wengi huomba likizo na kununua tiketi mapema; mwezi wa Januari unamfaa zaidi. Ukikosa jambo la kueleza, usiandike. Zingatia saa pia: barua inayotoka Moshi saa nne asubuhi humkuta mtu wa Ujerumani kazini, lakini New York ni usiku wa manane.

Usishangilie sana takwimu za waliofungua barua. Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kuipakua barua kabla mwenyewe hajaigusa, na hesabu ikaonesha kwamba imesomwa. Hesabu majibu na maagizo. Lile neno URU lipo kwa ajili hiyo: barua ikienda kwa watu 200, sita wakajibu kwa neno hilo, na kila mmoja akanunua kwa shilingi 30,000, unajua kwamba barua hiyo ilileta 180,000, na unaweza kuilinganisha na gharama ya kifurushi cha intaneti na saa ulizotumia.

Anwani zinazorudisha barua zifute mara moja. Ambao mwaka mzima hawajajibu wala kununua, waandikie mara moja kuwauliza kama bado wanataka habari zako, na walionyamaza waondoe bila kinyongo. Orodha iliyobaki ipakue kila mwisho wa mwezi, uihifadhi kwenye faili lenye nywila ambayo mtu wa pili anayeaminika pia anaijua, kwa sababu nimeona duka likipoteza anwani za miaka mitatu siku kijana wa kaunta alipoacha kazi akaondoka na simu yake.