Kukadiria kama nyotamkia inayolikaribia Jua itasalimika

Mwaka 2013 niliwaahidi majirani kwamba mapema Desemba tungeiona nyotamkia ISON alfajiri kutoka ufukwe wa Coco. Tarehe 28 Novemba ikasambaratika ikilizunguka Jua, na ahadi yangu ikaishia mdomoni. Tangu hapo siulizi nyotamkia itang'aa kiasi gani kabla sijauliza kama itatoka salama.

Hatua ya 1. Tafuta namba mbili, ambazo hupatikana bila malipo mtandaoni: q, yaani umbali wake itakapokuwa karibu zaidi na Jua (hapa 1 ni umbali wa Dunia na Jua, takribani kilomita milioni 150), na H, mng'ao ambao ingekuwa nao kama ingekuwa umbali wa 1 kutoka kwa Jua na kwetu pia. Kumbuka kwamba katika kipimo hiki namba ndogo ndiyo inayong'aa zaidi.

Hatua ya 2. Tumia kikomo alichokipendekeza mtazamaji nyota John Bortle mwaka 1991: 7.0 + 6q. H ikizidi kikomo hicho, nyotamkia ina uwezekano mkubwa wa kuvunjika. Tuseme q ni 0.01 na H ni 9. Kikomo ni 7.06, kwa hiyo hali ni mbaya. Sasa kokotoa mng'ao kwa kanuni ya kawaida, H + 5 logi ya umbali kutoka kwetu + 10 logi ya umbali kutoka kwa Jua (logi ya msingi wa 10). Ukiweka 1 na 0.01 unapata -11, karibu na mwezi mpevu ambao ni takribani -12.7. Kikokotoo hakijakosea, kimekuambia tu itakavyong'aa iwapo itakuwapo.

Kikomo hiki nacho kina mianya. Nyotamkia Lovejoy ya 2011, hafifu mno kwa kipimo hicho, ilipita kilomita 140,000 hivi juu ya uso wa Jua tarehe 16 Desemba ikatokea upande wa pili, ingawa siku chache baadaye ilipoteza kiini na kubaki mkia.

Hatua ya 3. Kila wiki chora mng'ao uliopimwa, ukiondoa athari ya umbali kutoka kwetu, dhidi ya logi ya umbali kutoka kwa Jua. Mimi hutumia daftari la mraba na penseli. Mstari unaolala, yaani mng'ao ukiacha kuongezeka ilhali Jua linakaribia, hunitia wasiwasi kuliko H yenyewe.

Hatua ya 4. Pima nafasi yake angani. Ikiwa umbali wa 0.2 kutoka kwa Jua, haiwezi kuonekana zaidi ya nyuzi 11.5 kutoka kwalo, ngumi moja na kidogo ukinyoosha mkono. Hapa Dar Jua huchomoza karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, hivyo una kama dakika 45 tu, tena mawingu ya vuli yakikuruhusu. Weka darubini chini kabla Jua halijatokeza baharini.

Hatua ya 5. Siku za mwisho, fuatilia picha za chombo cha angani SOHO, ambacho hulifunika Jua ili kilicho kando yake kionekane. Kichwa kilicho salama hubaki nukta kali. Kikirefuka kama punje ya mchele na kufifia kabla ya kulifikia Jua, kama ilivyokuwa kwa ISON, wapigie simu majirani mapema.